Peasi za Truphosa

Tulipomaliza kumzika mama mkwe wangu, watu wa mbali walienda zao, tukabaki wanawake wa boma na masufuria ya kuosha. Mjukuu wangu Mercy alinifungua leso kiunoni akaniambia, “Kukhu, leo kaa. Mimi ndio napika.” Huyo mtoto amesomea upishi, anapikia hoteli kubwa hapa Kakamega mjini, na sina haya ya kumsifu mbele ya watu. Mimi sikumaliza darasa la nne, lakini damu yangu inavaa kofia nyeupe ndefu na wazungu wanangoja mpaka yeye aseme chakula kiko tayari. Basi nikakaa. Akachinja ingokho wawili, akafungua mikebe ya matunda aliyokuja nayo, mananasi huku, peasi kule. Mananasi akayatia kwa kuku, peasi akaziponda na maziwa zikawa laini kama chakula cha mtoto mchanga. Wanawake walilamba vidole, wakamwita mpishi wa ikulu. Mimi niliweka kijiko kimoja cha peasi mdomoni, kikakataa kushuka. “Kukhu, imeharibika?” Nikasema haijaharibika, ni tamu. “Sasa mbona unalia?” Nikamwambia ni moshi wa jiko, na mtoto wa watu alikuwa amepikia gesi.

Matunda ya mkebe niliyajua kabla Mercy hajazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mke mpya hapa Malinya, na mtoto mmoja mgongoni. Nilitoka Chekalini, na mama mkwe hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Chekalini, kana kwamba nilikuja kuolewa na soko lote. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu na wenzake, anarudi jioni na matope mpaka kwa masikio na dhahabu isiyojaza ukucha. Dada yake, Truphosa, ndiye aliyekuwa na kazi ya kweli. Alifanya kazi mbali, upande wa Nairobi, katika kiwanda cha kufunga matunda kwenye mikebe. Kila Krismasi wafanyakazi walipewa ile mikebe iliyobonyea, isiyobandikwa karatasi kwa sababu haiwezi kwenda dukani. Truphosa aliileta kwa gunia, mikebe uchi, inang’aa kama sahani za kanisa, na hakuna aliyejua kuna nini ndani mpaka iguswe na kisu.

Habari ninayoisema ilianza kwa kicheko. Siku ya Krismasi Truphosa alienda kanisani, na mama mkwe, ambaye hakupenda kungojea mtu, akachukua mkebe mmoja akaupasua kwa panga. Ndani akaona vipande vyeupe, vimekatwa katikati, vinateleza. “Viazi!” akasema. “Wazungu wamechemsha viazi wakatufungia.” Akakaanga vitunguu, akatia chumvi, akamimina ile peasi yote na maji yake, akakoroga na mwiko. Tulipokaa kula, mume wangu alitafuna mara mbili akaacha. “Mama, hivi viazi vimelimwa kwa shamba la miwa?” Truphosa akaingia na viatu vyake vya kanisani, akachungulia sufuria, akaanguka chini kwa kicheko mpaka nikafikiri amepatwa na kifafa. “Mama! Umekaanga matunda na kitunguu!” Mama mkwe hakucheka. Alichukua sahani yake akala yote, polepole, akitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, “Mnachekanga, lakini mimi nimeshiba.”

Jioni hiyo Truphosa alinifundisha kusikiliza mkebe. Unaushika karibu na sikio, unautikisa. Nanasi linagongagonga, vipande vidogo vinakimbizana. Peasi haipigi kelele, inageuka mara moja tu, nzito, kama mtoto anayegeuka tumboni. Tulikaa jikoni tukitikisa gunia zima na kutenganisha, mananasi kushoto, peasi kulia, na hakukosea hata mmoja. Akanifundisha pia kwamba yale maji ya mkebe hayamwagwi, ndiyo yenye utamu, na kwamba ukishafungua usiache chakula ndani ya mkebe, mimina kwa kikombe. Huku tukitikisa ndipo akaniambia habari ya Ainea, seremala wa Bukura, mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Ainea alikuwa amesema atakuja na watu wake kuongea mambo ya mahari. Truphosa alikuwa ameshapita umri ambao wasichana wa Malinya huolewa, na majirani walikuwa wameanza kumwuliza kama anangojea kuolewa na kiwanda.

Mama mkwe aliposikia habari ya Ainea, alikusanya mikebe yote akaipeleka sebuleni, kwenye kabati la vioo. Akaipanga juu ya vitambaa alivyoshona mwenyewe. Kila Jumamosi aliitoa akaisugua kwa majivu kama anavyosugua sufuria, akairudisha. “Hizi ni za wakwe,” alisema. “Siku wanakuja, watakula kitu ambacho hawajakula Bukura.” Na hakuna aliyegusa.

Baada ya sikukuu Truphosa alikwenda kazini, akarudi wakati wa mvua kubwa, na hatukumtarajia. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni nikaona mwanamke anakuja na gunia mgongoni, anapumzika kila akifika kwa mti. Nilifikiri ni mzee wa watu. Alipofika karibu nikaona ni yeye. Nguo ilikuwa inamning’inia. “Wifi,” akaniambia, “nipokee gunia, nisije nikaivunja mikebe ya mama.” Akacheka, na mdomo wake ndani ulikuwa mweupe, umejaa vidonda. Watu wa siku zile walikuwa wanasema ni malaria imepanda, ni kifua, ni watu wamemfanyia kitu. Mimi nitasema: ilikuwa ukimwi. Dawa zilizopo leo hazikuwepo kwetu. Mtu alirudi nyumbani, akalala, mkangoja.

Sasa nieleze kitu, kwa sababu vijana wa leo hawajui, na bila kukijua mtafikiri mama mkwe wangu alikuwa na roho mbaya. Kwetu, msichana akifa nyumbani kwa baba yake bila kuolewa, hazikwi mbele ya nyumba pamoja na watu wa boma. Anatolewa kwa nyuma, anazikwa nje ya ua, kama mpita njia. Lakini mtu akija na ng’ombe, hata mmoja, huyo msichana ni mke wa mtu, ana kwao, ana mahali pa kulazwa. Mama mkwe alimwangalia binti yake siku ile akaona yote, sisi sote tuliona. Na kuanzia hapo ile mikebe ikawa si chakula tena. Kama mikebe iko kabatini, wakwe bado wanakuja. Ukifungua mmoja ukampa Truphosa, umesema hakuna mkwe.

Na Truphosa hakuweza kumeza kitu kingine. Obusuma, ugali wetu, ulimchoma, mboga zilimchoma, mayai aliyatapika, chai aliilia machozi. Alilazwa chumba kinachopakana na sebule, na pazia likifunguliwa aliona kabati lote. Siku moja nilimpa uji wa wimbi, akalamba kidogo akageuza uso. “Wifi,” akaninong’oneza, “ile peasi. Maji yake tu. Baridi.” Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa kabati. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo kama amepandwa.

“We Chekalini, unaendanga wapi na huo mkono?”

“Mama, mtoto ana njaa.”

“Mtoto ana mchumba. Mchumba anakuja na watu. Watakula nini, matope ya mume wako?”

“Wacha wale kuku.”

“Kwa mama yako Chekalini wageni wa mahari wanapewanga kuku tupu?”

“Kwa mama yangu Chekalini mgonjwa anapewanga chakula!”

Sikumaliza kusema kabla kofi halijanipata. Sikulia, wala sikurudisha. Nilitazama mkono wake ukiteremka. Nyuma ya pazia Truphosa alisema kwa sauti ya chini, “Wacheni. Nimeshiba.” Hakuna mtu katika boma hilo aliyekuwa ameshiba.

Ainea alikuja kweli. Wengi hawakuamini, lakini alikuja baada ya miwa kukatwa, na baba yake mdogo na shangazi yake, mama mnene mwenye mkoba mweusi. Mama mkwe alivaa ile nguo ya sherehe ya wamama wa kanisa. Aliniambia, “Leo upike kama mtu,” na nilipika. Truphosa alinielekeza kutoka kitandani: kuku achemke kwanza, kitunguu kiive mpaka kiwe na rangi, nanasi liingie mwisho lisije likayeyuka, maji ya nanasi kidogo tu, si yote. Nyumba nzima ilinukia harufu ambayo haijawahi kuingia Malinya. Peasi nilizipanga kwenye bakuli za udongo, nusu nusu, na mama mkwe akazibeba mwenyewe sebuleni, akipiga magoti mbele ya wageni. Walikula. Nilisikia vijiko vikigonga bakuli, na baba mdogo akisema, “Hii ni kitu gani tamu namna hii? Mama, hii boma ina watu!” Mama mkwe akajibu, “Ni kazi ya binti yangu hiyo. Mikono yake.” Nilikuwa nimekaa na Truphosa nyuma ya pazia. Alikuwa ananisikiliza nikimeza mate. “Wanapenda?” akaniuliza. Nikamwambia wanalamba bakuli. Akafunga macho, akatabasamu, na mimi nilitaka kutoka niwapokonye vijiko vyote.

Kisha wakaomba kumsalimia. Tulikuwa tumempaka mafuta, tumemfunga kitambaa kizuri, tumemkalisha kwa mito. Ainea aliingia akashika mkono wake, hakuuachilia. Baba mdogo alisimama mlangoni. Shangazi hakupita pazia. Walipotoka kwenda kunawa, nilikuwa nyuma ya jiko namwaga maji, nikamsikia shangazi akisema, “Baba, tunaoa nini hapa? Tunaoa kaburi.” Na baba mdogo akajibu, “Nyamaza, tumekula chakula chao.” Ainea alikuwa hapo karibu nao. Alitazama mikono yake, ile mizuri, akaitia mfukoni.

Waliaga kwa heshima. Walisema watarudi na ng’ombe. Mama mkwe aliwasindikiza mpaka barabarani akipiga vigelegele peke yake. Aliporudi nilimwambia nilichosikia, neno kwa neno. Kuna watu wanasema ningenyamaza. Mimi sikuumbwa hivyo, na mama huyo hakuwa mtoto wa kufichwa. Alinisikiliza, akavua ile nguo ya kanisa akaikunja, akasema, “Mdomo wako, Chekalini.” Jumamosi iliyofuata akaitoa mikebe iliyobaki, akaisugua kwa majivu. Na iliyofuata pia. Miwa ilichipuka tena, watu walipalilia, na kila pikipiki au gari likipunguza mwendo barabarani, alisimama.

Truphosa ndiye aliyemaliza kungoja huko. Ilikuwa mchana, jua kali, mama mkwe amekaa chini sebuleni na bakuli la majivu, mikebe imemzunguka. Pazia lilikuwa wazi. Truphosa alimwita. “Mama.” Mama mkwe hakugeuka. “Mama, wageni walikuja. Walikula, wakaenda. Mgeni aliyebaki ni mimi.” Nilikuwa mlangoni na mtoto wangu begani, nikasimama. Mama mkwe aliendelea kusugua mkebe mmoja mahali pale pale mpaka nikafikiri utatoboka. Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na panga. Akauweka mkebe kati ya miguu yake akaupiga. Panga liliteleza, maji yakamrukia usoni, akapiga tena. Alikuwa analia kwa sauti, kama watu wanavyolia mtu amekata roho, na yeye binti yake yuko hai anamtazama. Akamimina maji kwenye kikombe, akaingia, akamwinua Truphosa kifuani kwake. Truphosa alikunywa. Alimeza, akangoja kama itamchoma, haikumchoma, akameza tena. “Ni baridi,” akasema. “Mama, ni baridi.”

Baada ya siku hiyo hakuna aliyehitaji kuomba. Mama mkwe alifungua mwenyewe, na mimi nilipika. Niliponda peasi na ndizi mbivu nikaichuja kwa kitambaa. Nilikoroga maji yake katika uji wa wimbi badala ya sukari. Nanasi sikumpa, lingemchoma, nilipikia watu wengine wa nyumba, na mume wangu akasema hajawahi kula vizuri hivyo katika msiba. Nikamwambia bado si msiba, funga mdomo. Kila mkebe Truphosa aliusikiliza kwanza. Mama mkwe aliutikisa karibu na sikio lake, naye akasema, “Peasi,” au, “Nanasi hilo, wape wenye meno.” Tulicheka katika chumba kile. Mtu asiyejua angepita nje angefikiri tuna mtoto mchanga. Nilimwona mama mkwe akilamba kijiko kilichotoka mdomoni mwa binti yake, wakati majirani walikuwa wanakataa hata kukalia kiti alichokalia.

Kisha siku moja alisema, “Peasi,” tukafungua, ikawa nanasi. Mama mkwe alinitazama. Truphosa akauliza, “Ni yenyewe?” Mama mkwe akasema, “Ni yenyewe, mama yangu,” akachukua kikombe akatia maji baridi ya mtungi na sukari, akamnywesha. Truphosa alikunywa akasema ni tamu. Mikebe ya peasi ilikuwa imekwisha. Yeye pia hakukaa sana baada ya hapo. Alienda asubuhi, kabla chai haijaiva, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

Wazee wa ukoo walikuja. Hawakuwa watu wabaya, walikuja na kofia mikononi. Walizunguka nyumba wakaenda nyuma, wakapita ua uliopandwa mimea michungu ya maua ya njano, wakasimama pembeni mwa shamba letu la miwa. Mmoja akachoma fimbo yake ardhini. Mama mkwe aliwafuata. “Chimbeni mbele,” akasema. “Karibu na mlango wangu.” Wakamwambia, mama, unajua haiwezekani. “Nimezaa huyo. Sikuzaa jirani.” Wakamwambia tena, polepole, kwamba ng’ombe hawakuja, kwamba wakimlaza mbele, wasichana wengine wa ukoo hawatapata waume. Akamgeukia mume wangu, mwanawe, na mume wangu akatazama chini. Sijamsamehe kwa hilo, na nimeishi naye maisha yote. Walimtoa Truphosa kwa nyuma. Walikata ua, wakapita naye, wakamzika nje, na jioni wakarudisha yale matawi mahali pake kama mtu anayefunga mlango. Ainea alikuja. Alikaa mwisho kabisa wa watu. Jeneza alikuwa amelitengeneza yeye, na lilikuwa zuri kuliko kitanda chochote katika boma letu, na hakuna aliyemshukuru.

Wanawake walikuja kumfariji mama mkwe, akawapa chai, wakaenda. Alipika, alikula, aliamka. Nilifikiri amekubali, na nilimkasirikia kwa kukubali.

Mvua ndogo ziliponyesha na udongo ukawa laini, nilimsikia asubuhi nyuma ya nyumba. Nilipotoka nikamkuta ameng’oa ua. Si kipande, wote wa upande ule. Matawi ya maua machungu yalikuwa yamelala chini, amekata yaliyo mazima kwa urefu wa mkono, ameyafunga vifurushi. Yeye alikuwa ndani ya miwa, ng’ambo ya kaburi, anang’oa miwa yetu wenyewe, ile ya kutuletea karo, anaitupa nyuma, na mahali pa miwa anachimba shimo baada ya shimo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua kifurushi kimoja, nikaanza kumpa vijiti. Alipanda kijiti, akakikanyagia udongo, akapiga hatua, akapanda kingine. Ule ua mpya ulikuwa unaenda kwa duara, unatoka pembeni mwa nyumba, unapita nyuma ya kaburi la Truphosa, unarudi.

Mmoja wa wale wazee alikuwa anapita na ng’ombe zake. Akasimama kwa njia.

“Mama,” akasema, “ua wa boma hili haujawahi kupita hapo.”

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Hakuinua kichwa. “Leo umepita,” akasema. “Kama una jembe, ingia. Kama huna, ng’ombe zako zinakula miwa ya watu.”

Mzee akatazama ile miwa iliyotupwa, akatazama kaburi, akanitazama mimi na mtoto wangu mgongoni. Kisha akapiga ng’ombe zake mluzi, akaenda. Mama mkwe alinyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kiganja kimejaa udongo na damu ya kukatwa na majani ya miwa.

“Chekalini,” akasema. “Lete kingine.”